Anayekwenda kusomea nyuklia aulize kwanza atarudi na nini

MAMA mmoja anayenunua mchele Kahama na kuuvusha Rusumo alinifuata nyumbani kwangu, hapa Kirehe, Jumapili moja jioni. Alivua viatu mlangoni, akakataa chai, akaweka mezani bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. "Mwalimu," akasema, "mtoto wako amepata vyuo vitatu. Mimi kusoma kwangu ni kuhesabu magunia. Nisaidie kuchagua."

"Mtoto wangu" huyo ni binti yake. Nilimfundisha fizikia miaka mitatu, akaenda Kigali kusomea uhandisi wa umeme, akamaliza na alama nzuri. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua tatu alizozichapisha ili mama yake azione kwa macho: moja ya Tomsk, Urusi, moja ya Ulsan, Korea Kusini, na moja ya Accra, Ghana. Zote zilihusu shahada ya pili ya mambo ya nyuklia.

Nilizisoma mara mbili. Kisha, bila hata kumwita binti mwenyewe, nikamjibu yule mama palepale kwamba aende Tomsk.

Nilikosea. Si kwamba Tomsk ni pabaya, la hasha. Kosa langu ni kujibu kabla ya kuuliza. Naandika makala haya kwa sababu bahasha kama ile zimeanza kuingia katika nyumba zetu, na wanaoulizwa mara nyingi ni walimu kama mimi, ambao kinu cha nyuklia hatujakiona isipokuwa kwenye picha za vitabu.

Msomaji, nieleze kwanza kwa nini nilikimbilia jibu. Nilizaliwa Karagwe mwaka 1978, wazazi wangu wakiwa wamekimbia nchi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, yote huko huko Tanzania. Nyumbani tulikuwa na ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani kwa uji wa unga. Jioni baba alikuwa akituonyesha nchi moja moja kwa kijiti, na Urusi, ambayo wakati ule bado ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, ilijaza nusu ya juu ya ukuta. "Huko," alikuwa akisema, "ndiko wanakotengeneza wahandisi." Nilipoiona barua ya Tomsk nadhani aliyejibu hakuwa mimi. Alikuwa marehemu baba.

Mwaka 1997 tukarudi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, nikidhani ndicho mali yangu kubwa. Ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikikalia miezi kumi na minne kwa maelezo kwamba haijui ikilinganishe na nini. Wenzangu waliorudi kutoka Bukavu, Bujumbura na Kampala walikuwa na hadithi zao. Huyu alikuwa na Kifaransa ambacho shule aliyopangiwa haikukihitaji, yule alikuwa na Kiingereza ambacho jirani zake walikicheka. Mwaka 2008 serikali ilipotangaza kwamba masomo yatafundishwa kwa Kiingereza, sisi tuliochekwa tukawa ndio wa kuulizwa maneno. Tuliorudi tunajua vizuri kwamba elimu nayo hukaguliwa mpakani kama mzigo mwingine, na kwamba mkaguzi anaweza kubadilika ukiwa bado uko kwenye foleni.

Lakini Jumapili ile nilisahau yote hayo.

Kesho yake binti akaja mwenyewe. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitika, nikamkalisha, nikampa hotuba. Nikamweleza kwamba Chuo Kikuu cha Ufundi cha Tomsk kina kinu chake chenyewe cha utafiti, cha megawati 6, kilichoanza kazi mwaka 1967. Nikamkumbusha kwamba Oktoba 2019, mjini Sochi, Rwanda na Urusi zilitia saini mkataba wa kujenga nchini kwetu kituo cha sayansi na teknolojia ya nyuklia, hivyo anayejua Kirusi atakuwa na nafasi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza darasani. Kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, nikirudi nitagusa nini?"

Sikuwa na jibu. Tukaanza upya, safari hii kwa karatasi na kalamu.

Tulianza na ukubwa wa nchi. Uwezo wa mitambo yote ya umeme ya Rwanda ni kiasi cha megawati 400. Maporomoko yetu ya Rusumo, ambayo kila mvuka mpaka anayapita akiyatazama, yanatoa megawati 80, nazo zinagawanywa kwa nchi tatu: Rwanda, Burundi na Tanzania. Wahandisi wa umeme wana kanuni yao ya kawaida kwamba mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, kwa sababu ukizimika ghafla utaiangusha na mingine. Kwetu sehemu ya kumi ni megawati 40. Sasa chukua vinu vinne vinavyojengwa El Dabaa, Misri: kila kimoja kina megawati 1,200. Kimoja tu ni mara tatu ya Rwanda yote. Kwa hiyo anayetaka kurudi kufanya kazi hapa ajue kwamba kwa miaka mingi atakachokutana nacho ni kinu kidogo cha utafiti, au aina mpya ya vinu vidogo vinavyozungumzwa siku hizi. Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda iliundwa mwaka 2020, na Septemba 2023 ilitia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid, ya Kanada na Ujerumani, ya kujaribia hapa kinu cha majaribio cha aina mpya. Mikataba ni karatasi, nakubali, lakini hata karatasi inaonyesha uelekeo.

Hesabu hiyo peke yake ilituondoa kwenye swali la nchi na kutupeleka kwenye swali la fani, ambalo mimi sikuwa nimeligusa kabisa. Nilidhani "uhandisi wa nyuklia" ni kitu kimoja, kama udereva. Kumbe ndani yake kuna kazi nyingi zisizofanana, na mtu wa shahada ya pili huchagua moja.

Binti alimweleza mama yake jioni ile kwa namna ambayo mimi, mwalimu wa miaka zaidi ya ishirini, sikuweza. Alisema hivi. Nyutroni moja inapasua kiini cha urani. Kikipasuka kinatoa joto na nyutroni nyingine mbili au tatu. Nyingi zinapotea: zinamezwa na vyuma, zinamezwa na maji, zinatoroka nje. Ikiwa katika hizo inabaki moja tu ya kupasua kiini kinachofuata, mtaji unarudi kama ulivyokuwa na kinu kinakwenda kwa utulivu. Ikibaki zaidi ya moja, moto unapanda. Ikibaki pungufu, duka linafungwa. Kuna watu ambao kazi yao yote ni kuhesabu nyutroni hizo. Hiyo ndiyo fizikia ya vinu.

"Kama daftari la mkopo," mama akasema.

"Kama daftari la mkopo, mama."

Fani ya pili ni ya joto na maji. Hapo nilichangia mimi, kwa jiko la mkaa. Ukishaipua sufuria na kufunga mlango wa hewa, mkaa hauzimiki saa ileile. Kinu nacho ni hivyo: dakika kinapozimwa bado kinatoa asilimia 6 au 7 ya joto lake, na joto hilo hupungua polepole kwa saa na siku. Machi 2011 kule Fukushima, Japani, vinu vilizimika vyenyewe tetemeko lilipopiga, kama ilivyotakiwa. Kisha tsunami ikaja ikazamisha jenereta za dizeli zilizokuwa zikisukuma maji ya kupoza. Joto lile lililobaki ndilo lililoyeyusha mafuta ya vinu vitatu. Wahandisi wa fani hii wanahangaika na mabomba, pampu na mvuke, na wanahitaji maabara zenye mitambo mikubwa ya kuzungusha maji ya moto.

Fani ya tatu ni ya vyuma. Chuma kinachopigwa na nyutroni miaka mingi hubadilika tabia, kinakuwa rahisi kuvunjika. Ukitaka kukichunguza unahitaji vyumba vyenye kuta nene na mikono ya chuma ya kushikia sampuli ukiwa nje. Vyumba hivyo ni vichache duniani. Mtu akisomea hilo kisha akarudi Kirehe, atabaki kusimulia.

Fani ya nne ni ya kinga dhidi ya mionzi. Hapa ndipo mimi nilipopata moto.

Wasomaji wa mipakani watanielewa. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini humo na kutoa cheti. Yule mama alishtuka: "Kumbe kile cheti ninacholipia ndicho hiki mnachozungumza?" Ndicho. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 nchi nyingi zilianza kupima chakula, zikitafuta hasa sizi 137, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Kilo chache za mchele huwekwa mbele ya kifaa, kifaa huhesabu, karani hugonga mhuri. Nyuma ya mhuri ule kuna mtu aliyesoma nyuklia.

Na si mchele tu. Malori yanayopita Rusumo kuelekea bandari ya Dar es Salaam hubeba pia madini, na kati ya madini yanayouzwa nje na nchi yetu kuna tantali, ambayo wengi tunaiita koltani. Ndani ya chembe zake koltani ina urani na thori kidogo za asili. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema madini ya asili ya aina hii yakizidi bekereli 10 kwa kila gramu, mzigo unahesabiwa kuwa wa mionzi, wa daraja la 7, na lazima ufungwe, uandikwe na ubebwe kwa masharti yake. Wakala anayejua kupima mapema anaokoa siku za kungoja. Asiyejua, mzigo wake unakwama bandarini huku gharama zikipanda kila siku. Je, hiyo si kazi? Je, haiko mlangoni kwetu?

Nikamgeukia binti nikamwambia: hapa ndipo pako. Soma kinga ya mionzi, fanya utafiti juu ya koltani, utapata kazi kabla hujavua joho. Tena unaweza kwenda karibu tu, Nairobi, ambako Chuo Kikuu kina taasisi ya sayansi ya nyuklia inayofundisha shahada ya pili, na vipimo vya sampuli za udongo na madini ni kazi yao ya siku nyingi.

Mama alifurahi. Nairobi ni safari ya basi.

Binti alinyamaza kwa muda, halafu akasema kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hiyo ni kazi nzuri. Lakini ni ya kwako na ya mama. Mimi ninachowaza nikilala ni zile nyutroni."

Nakiri niliumia. Ila nilipotulia niliona ana haki. Jumapili nilimchagulia ramani ya baba yangu, na sasa nilikuwa namchagulia biashara ya mama yake. Utafiti wa shahada ya pili ni miaka miwili ya kurudia hesabu moja mpaka ichoshe. Aliyesukumwa huachia njiani. Hata hivyo sikufuta niliyosema. Kwa kijana mwingine, hasa ambaye nyumbani wanamngoja alete kitu haraka, kinga ya mionzi ningeiweka ya kwanza mpaka leo.

Basi tukarudi kwenye swali lake: atagusa nini? Fizikia ya vinu, kwa bahati, haihitaji maabara kubwa kila siku. Inahitaji kompyuta na programu. Lakini programu nazo zina mipaka yake. Ile inayotumika kwa miaka mingi zaidi, MCNP ya maabara ya Los Alamos, Marekani, hutolewa kwa leseni, na anayeomba hukaguliwa ni nani, ni raia wa wapi na ataitumia kwa nini. Unaweza kusoma chuoni ukiitumia kila siku, ukarudi nyumbani ukaambiwa leseni ilikuwa ya chuo. Kwa upande mwingine kuna OpenMC, iliyoanzia Chuo cha MIT mwanzoni mwa miaka ya 2010, ambayo iko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Binti aliipakua hapa hapa Kirehe, kwa intaneti ya usiku, katika kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kuna tufe tupu la urani lililowahi kujengwa Los Alamos miaka ya 1950, ambalo wanafunzi wa fani hii hulitumia kama mzani wa kujipimia: jibu linajulikana, ni moja kamili au karibu sana. Kompyuta yake ililia feni karibu usiku kucha. Asubuhi alinipigia simu. "Mwalimu, nimepata sifuri nukta tisa tisa na ushei." Nilikuwa nanyoa ndevu, nilijikata.

Pale nikajua kwamba kuna jambo anaweza kurudi nalo, na hakuna ofisi itakayolikalia miezi kumi na minne.

Baada ya hapo barua zetu tatu zilionekana tofauti. Ulsan kuna chuo cha uzamili cha nyuklia kilichofunguliwa mwaka 2012, kinafundisha kwa Kiingereza, na kiko jirani na vinu vikubwa vinavyofanya kazi. Ni mahali pazuri pa kumwandaa mtu atakayeendesha au kusimamia mradi wa kituo kikubwa cha umeme. Wakenya wamepita hapo. Ningekuwa na mtoto anayetaka kwenda kufanya kazi Ghuba, ambako Barakah, huko Falme za Kiarabu, kuna vinu vinne vya muundo wa Kikorea, ningemsukuma huko bila kusita. Tomsk wana kinu, wana mapokeo marefu, na kwa anayepata ufadhili wa serikali yao masomo ni bure; mara nyingi tu kuna mwaka mzima wa kujifunza lugha kabla ya kuanza. Mwaka huo si hasara, mimi nimebadilishiwa lugha ya kazi mara mbili na sijafa, lakini lazima uhesabiwe. Miwili inakuwa mitatu.

Accra ndiyo niliyokuwa nimeidharau. Ndiyo, naomba radhi. Niliona jina la nchi ya Kiafrika nikaiweka chini ya rundo. Kumbe pale Kwabenya, kando ya mji, kuna Shule ya Sayansi za Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Ghana, iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na shirika la IAEA la Vienna, na jirani yake kuna kinu cha kilowati 30 hivi. Kilowati 30 ni kama birika za umeme kumi na tano zikichemka pamoja. Ni kitoto. Lakini mwaka 2017 kinu hicho kilibadilishwa mafuta, kutoka urani iliyorutubishwa zaidi ya asilimia 90, ambayo dunia inaiogopa kwa sababu inafaa kutengenezea bomu, kwenda urani ya chini ya asilimia 20. Mafuta ya zamani yakarudishwa China yalikotoka. Kubadilisha mafuta maana yake ni kuhesabu upya kila nyutroni: kinu kitawaka? Kitakuwa na nguvu ileile? Kitajizima vipi? Waafrika walifanya hesabu hiyo, katika kinu chao, na wapo. Mtu akitaka kujua kinu kidogo kinavyofanya kazi katika nchi isiyo na fedha nyingi, mwalimu wake ni nani zaidi ya hao?

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo ninalowasihi wazazi walisikie. Jina la chuo halikuonyeshi kilichomo ndani. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, hutajwa kila mara miongoni mwa vya kwanza katika uhandisi wa nyuklia, lakini kinu chake cha utafiti kilizimwa mwaka 2003. Bado ni chuo kizuri sana, kwa mtu wa hesabu na kompyuta. Aliyekwenda akitarajia kusimama juu ya kinu atashangaa. Tena Marekani anayesomea udaktari kwa kawaida hulipwa kutoka mradi wa profesa wake, hivyo fani yako hufuata fedha za profesa, na baadhi ya miradi hiyo imefungwa kwa wasio raia. Anayeomba chuo bila kujua profesa ananunua mchele bila kufungua gunia.

Kwa hiyo tuliandika baruapepe. Binti aliandika tisa, kwa walimu wa vyuo mbalimbali katika nchi kadhaa, si zile tatu tu. Nilimkataza kuandika "nina hamu kubwa ya kujiunga." Aliandika alichokihesabu, jibu alilopata, na mahali ambapo hakuelewa tofauti iliyobaki. Kisha akauliza: wanafunzi wako wawili wa mwisho wamefanya utafiti gani, na sasa wako wapi? Programu mnayotumia naweza kuondoka nayo? Nani hulipa, na kwa miezi mingapi? Nikirudi kwetu baada ya kumaliza, utanijibu nikikuandikia?

Wanne hawakujibu. Wawili walijibu kwa maneno matamu yasiyo na kitu. Watatu walijibu kama watu, na mmoja wao alimtumia ukurasa mzima akimwonyesha kwamba alikosea uzito wa urani katika tarakimu ya nne. Binti aliusoma ukurasa ule kwa sauti, kama barua ya posa.

Fedha ndiyo iliyobaki. Mama alikuwa ameshamwambia mtu kwamba anauza kibanda chake cha Rusumo. Nilimfuata sokoni kumzuia. Nikamweleza kwamba shirika la IAEA, tangu mwaka 2020, lina ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa wanawake tu wanaosoma shahada ya pili katika fani za nyuklia: hadi euro 10,000 kwa mwaka za ada na hadi euro 10,000 za kujikimu, kwa muda usiozidi miaka miwili, na nafasi ya kwenda kufanya mazoezi ya kazi baada yake. Wanaoomba ni wengi, si wote wanaopata. Ila kibanda kiuzwe mwisho, baada ya milango yote kugongwa, si mwanzo. Na mkataba wowote wa ufadhili usomwe hadi ukurasa wa mwisho, hasa palipoandikwa miaka ya kutumikia na kiasi cha kurudisha ukishindwa.

Mama aliniuliza, na najua wasomaji wengine wanauliza: kwa nini kuhangaika, vitu hivi si vya Wazungu? Nikamwambia kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima kiliwashwa Kinshasa, mwaka 1959, katika nchi ambayo urani ya mgodi wake wa Shinkolobwe ilikuwa imetumika katika mabomu ya Marekani. Mwaka 1972 wakapata kingine, cha megawati 1. Kilisimama mwaka 2004 na kikabaki kimya. Vyuma peke yake havikutosha. Vilihitaji vipuri na fedha kila mwaka, na watu wa kubaki navyo. Mama akatikisa kichwa. "Kama mashine ya kukoboa ya ushirika," akasema. Sikuongeza neno.

Binti amechagua Accra. Atafanya hesabu za kinu kidogo baada ya kubadilishwa mafuta, kwa programu ambayo tayari iko katika kompyuta yake, chini ya mtu ambaye ameshamkosoa kabla ya kumwona. Maombi ya ufadhili yametumwa, jibu bado. Huenda akakosa, na tumeshakubaliana kwamba akikosa ataahirisha mwaka mmoja na kufundisha hesabu shuleni kwetu, kibanda kikibaki kilipo.

Alhamisi iliyopita nilimsindikiza kuthibitisha nakala za vyeti vyake, kwa sababu chuo kinazitaka zenye mhuri. Karani kijana alizitazama, akagonga mhuri mara nne, akatia saini, akasema, "Haya, mwingine." Nilitazama saa. Dakika sita. Binti aliniuliza nacheka nini.